Tundu la lenzi: Maana ya nambari zinazowatatiza wengi kwenye kamera kuukuu ya filamu

PICHA ya jamaa wote wa bwana na bibi harusi hupigwa mara moja tu. Wazee huketi kwenye viti mbele, wazazi husimama nyuma yao, na vijana hupanda juu ya benchi ili nao waonekane. Filamu inapooshwa wiki moja baadaye, wazee wanaonekana bayana hadi nyuzi za kofia zao, ilhali vijana wa safu ya tatu ni vivuli visivyotambulika.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa filamu, kwa kamera au kwa aliyeosha picha. Hata hivyo, kosa lenyewe huwa limefanyika kwenye pete ndogo inayozunguka lenzi, iliyoandikwa nambari 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 na 22. Mpigapicha aliiacha kwenye 2 pale ambapo 8 ndiyo iliyohitajika.

Kamera inayofaa zaidi kueleza maana ya nambari hizo ni Pentax K1000. Iliundwa na kampuni ya Asahi Optical ya Japani kuanzia mwaka wa 1976 hadi 1997, na zaidi ya milioni tatu zilitengenezwa. Haijilengi yenyewe wala haimchagulii mtumiaji mwanga. Kila kitu hufanywa kwa mkono, na ndiyo sababu walimu wengi wa upigaji picha waliwashauri wanafunzi wao waanze nayo.

Betri yake ndogo kazi yake ni moja tu, kuendesha sindano ya kupimia mwanga. Betri ikifa, kamera huendelea kupiga picha kama kawaida.

Wengi wanaorithi au kununua kamera hizi leo walijifunza kupiga picha kwa simu. Katika simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki hata kidogo. Programu ndiyo husawazisha mwanga na kuifisha mandhari ya nyuma ili uso ujitokeze. Mtu aliyezoea hali hiyo hushangaa anapokabidhiwa lenzi yenye pete ya nambari nane na filamu yenye nafasi ya picha 36 pekee.

Watu kama hao wanaendelea kuongezeka. Mwaka wa 2024 kampuni ya Ricoh, ambayo sasa ndiyo inayomiliki jina la Pentax, ilizindua kamera mpya ya filamu iitwayo Pentax 17.

Kugawanya chapati

Ndani ya lenzi mna vibamba vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwa mduara na kupishana. Pete inapozungushwa, vibamba hivyo husogea pamoja na kuacha tundu katikati, likiwa pana au jembamba, mfano wa mboni ya jicho la paka inayotanuka gizani na kubanwa penye jua.

Kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba nambari kubwa humaanisha tundu dogo. Tundu la 16 ni dogo kuliko la 4, na la 22 ndilo dogo kuliko yote.

Mkanganyiko huo hutoweka mtu anapofahamu kuwa nambari hizo ni sehemu ya kugawanya. Maandishi f/4 husomeka hivi: chukua urefu wa fokasi ya lenzi, uugawanye kwa nne. Lenzi ya kawaida ya K1000 ina urefu wa fokasi wa milimita 50. Kwa hivyo kwenye 2 tundu lina upana wa milimita 25, kwenye 4 ni milimita 12.5, na kwenye 16 ni zaidi kidogo ya milimita 3.

Ni sawa na kugawanya chapati. Anayepata kipande kimoja kati ya viwili hushiba kuliko anayepata kimoja kati ya 16, ingawa 16 ndiyo nambari kubwa.

Mbona basi watengenezaji hawakuandika milimita moja kwa moja? Ni kwa sababu lenzi hutofautiana. Lenzi ya milimita 135 ikiwekwa kwenye f/8 huwa na tundu la karibu milimita 17, ilhali ile ya 50 kwenye nambari iyo hiyo ina tundu la milimita 6 hivi. Hata hivyo, mwanga unaoifikia filamu ni ule ule, kwa maana lenzi ndefu huuchukua kutoka eneo dogo zaidi la mandhari. Anayejua f/8 kwenye lenzi moja huijua kwenye zote.

Nambari zenyewe huonekana kama zilizookotwa ovyo, lakini zina mpango. Kila hatua moja, mathalan kutoka 4 hadi 5.6, hupunguza mwanga kwa nusu. Eneo la duara hupungua kwa nusu upana wake unapogawanywa kwa takriban 1.4, si kwa 2, na ndipo zikapatikana 2.8, 5.6 na 11.

Anayetaka kuzikariri atenganishe mafungu mawili: 2, 4, 8 na 16, kisha 2.8, 5.6, 11 na 22. Katika kila fungu nambari huongezeka maradufu, ila 5.6 ambayo maradufu yake ni 11.2, lakini desimali hiyo iliachwa.

Mfereji na ndoo

Filamu huhitaji kiasi maalumu cha mwanga, jinsi ndoo inavyohitaji kiasi maalumu cha maji ili ijae. Tundu ni mfereji, na kasi ya pazia la kamera ni muda ambao mfereji huachwa wazi. Mfereji ukifunguliwa wote ndoo hujaa upesi, ukifunguliwa kidogo hujaa polepole, lakini ndoo ni ile ile.

Ndivyo ilivyo kwamba f/8 kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde huleta mwanga sawa na f/5.6 kwa sehemu moja ya 125, au f/4 kwa sehemu moja ya 250. Picha zote tatu zitakuwa na weupe na weusi unaolingana.

Hapo ndipo wengi huchukulia kuwa ni mamoja wachague lipi, maadamu sindano iliyo upande wa kulia wa kitazamio imesimama katikati. Ukweli ni kwamba picha hizo tatu zitalingana kwa mwanga tu. Kwa mambo mengine zitakuwa picha tofauti kabisa.

Pazia likiwa la kasi ya chini, mtoto anayekimbia atachora mstari. Kwa lenzi ya milimita 50, kasi ya chini ya sehemu moja ya 60 huanza kuonyesha hata mtetemo wa mkono wa mpigapicha. Lakini jambo linalohusu tundu lenyewe, na ambalo ndilo lililowapoteza wale vijana wa safu ya tatu, ni kina cha ubayana.

Safu tatu, lenzi moja

Lenzi hulenga umbali mmoja tu. Kitu kilicho mbele au nyuma ya umbali huo huanza kufifia, ila kuna nafasi fulani ambamo macho ya binadamu hayatambui kufifia huko. Nafasi hiyo ndiyo kina cha ubayana, nayo hupanuka tundu linapobanwa.

Kwa lenzi ya milimita 50 iliyolengwa mtu aliye umbali wa mita 2, tundu la f/2 huacha nafasi ya karibu sentimita 20 tu. Kwenye f/8 nafasi hiyo hufika sentimita 80, na kwenye f/16 huzidi kidogo mita 1.8.

Sasa turejee kwenye picha ya harusi. Mpigapicha amesimama mita 4 kutoka kwa wazee na kuwalenga. Kwenye f/2, kilicho bayana huanzia mita 3.65 na kukomea mita 4.4. Iwapo kila safu iko nyuma ya nyingine kwa sentimita 70, hata wazazi wameshakosa nafasi, sembuse vijana walio juu ya benchi. Kwenye f/8 ubayana huanzia chini ya mita 3 na kufika mita 6.5, na safu zote hupata sehemu yake.

Kuna mtego hapa ambao kamera yenyewe humtegea mtumiaji. K1000, kama kamera nyingi za kizazi chake, huacha tundu wazi kabisa mtu anapochungulia, ili aone vizuri. Vibamba hujifunga kufikia nambari iliyochaguliwa pale tu kitufe kinapobonyezwa, kisha hufunguka tena.

Kwa hivyo anachokiona mpigapicha ni picha ya f/2 kila mara, hata ikiwa pete iko kwenye 16. Kamera nyingine zina kitufe cha kufunga tundu kabla ya kupiga ili mtu ajionee, K1000 haina. Zenit-E ya Muungano wa Kisovieti, iliyouzwa mara nyingi na lenzi ya Helios-44-2, ilikuwa na utaratibu tofauti. Lenzi hiyo ina pete mbili, na mtumiaji hufunga tundu mwenyewe kabla ya kupiga. Kitazamio huwa giza, lakini hakifichi kitu.

Mwenye K1000 hutegemea michoro iliyo kwenye shingo ya lenzi. Pande mbili za alama ya fokasi huandikwa nambari za tundu kwa jozi, na umbali unaoangukia kati ya jozi moja ndio utakaoonekana bayana. Ni michoro ambayo wengi hawajawahi kuitazama. Ukiweka alama ya umbali usio na kikomo juu ya 16 ya upande mmoja, na tundu nalo likiwa kwenye 16, kila kitu kuanzia mita 2.6 hivi hadi milimani huwa bayana bila kulenga tena.

Kuna wapigapicha waliofanya ubayana huo kuwa imani. Mwaka wa 1932 huko California, Marekani, Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao waliunda kundi lililojiita Group f/64, kutokana na tundu dogo mno lililopatikana katika lenzi za kamera zao kubwa. Walitaka jani la mbele na jabali la mbali vionekane kwa usawa.

Mwongozaji wa filamu za sinema Stanley Kubrick alielekea upande wa pili. Katika Barry Lyndon ya mwaka wa 1975, alitumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye tundu la f/0.7, zilizoundwa kwa ajili ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, ili apige maonyesho kwa mwanga wa mishumaa. Tundu hilo hupokea mwanga mara nane kuliko f/2. Gharama yake ilikuwa kina cha ubayana chembamba kiasi kwamba waigizaji hawakuwa na uhuru wa kusogea.

Anayemiliki lenzi ya kawaida hana haja ya kufika huko kokote. Tundu la f/22 halifai kutumiwa ovyo kwa kudhani kwamba ndilo kali zaidi, kwa sababu mwanga unapopenya tundu dogo sana hupinda na kusambaa, na picha nzima hulegea kidogo. Tundu lililo wazi kabisa nalo hudhihirisha udhaifu wa kioo, hasa pembeni. Lenzi nyingi za enzi hiyo hufanya kazi yake bora kati ya 5.6 na 8.

Sindano inapodanganywa

Kipima mwanga cha K1000 hakijui kinachotazamwa. Huchukua wastani wa mwanga wa mandhari na kuuchukulia kuwa ni kijivu cha kadiri. Mandhari yakiwa mchanganyiko wa miti, nguo na udongo, matokeo huwa mazuri.

Bi harusi aliyevaa nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe ni jambo jingine. Sindano huona weupe mwingi, humwelekeza mpigapicha abane tundu, na nguo hutoka kijivu huku uso ukizama gizani. Hapo anapaswa kuiasi sindano na kufungua tundu hatua moja au moja na nusu, mathalan kutoka 11 hadi 8 au zaidi kidogo. Bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi huhitaji kinyume chake.

Kosa hilo huwaumiza zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Mtu anaposimama na jua likiwa nyuma yake, au mbele ya anga nyeupe ya mchana, sindano huihesabu anga na kuusahau uso. Tiba yake ni kusogea karibu hadi uso ujaze kitazamio, kupima hapo, kisha kurudi nyuma na kupiga bila kugusa pete. Njia ya mkato ni kufungua hatua moja na nusu au mbili.

Viwanda navyo vilichangia tatizo hilo. Kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1950, maabara za kuoshea picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Kodak ilitoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali katika miaka ya 1990. Wapigapicha wa Afrika waliofanya kazi kabla ya hapo walilazimika kujifunza wenyewe ni hatua ngapi za kufungua.

Kwa bahati njema, filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Anayesitasita kati ya 5.6 na 8 afadhali achague 5.6. Kwa filamu ya slaidi kanuni hiyo hugeuka.

Bila betri

Kanuni moja ya zamani huwasaidia wasio na betri. Jua likiwa kali na anga safi, weka tundu kwenye 16, na kasi ya pazia iwe sawa na nambari ya ISO ya filamu, ambayo katika kamera kuukuu huandikwa ASA. Filamu ya 200 hupigwa kwa sehemu moja ya 250, ambayo ndiyo kasi iliyo karibu zaidi.

Mawingu mepesi yakipita, fungua hadi 11. Vivuli vikififia, 8. Mawingu mazito, 5.6. Kwenye kivuli cha mwembe au barazani, 4.

Kanuni hiyo iliwafaa zaidi watu wa nchi ambako jua huinama. Nchini Kenya, jua la saa sita mchana huwa utosini, na macho hufunikwa na kivuli cha paji la uso au ukingo wa kofia. Anayetaka macho hayo yaonekane hufungua hadi 11 au 8, au humwomba mtu asogee kivulini.

Jua hilo lina kikwazo kingine. K1000 haizidi sehemu moja ya 1000 ya sekunde, kwa hivyo filamu ya 400 katika jua kali haiwezi kufunguliwa kupita 11 bila mwanga kuzidi. Anayetamani picha ya uso wenye mandhari ya nyuma yaliyofifia, huku ameweka filamu ya 400 na kusimama uwanjani mchana, ameshindwa kabla hajaanza. Kwa filamu ya 100 angefika 5.6.

Kuikagua lenzi

Kabla ya kununua lenzi kuukuu, iondoe kwenye kamera na uweke pete kwenye 16. Nyuma ya lenzi ya Pentax kuna kiwiko kidogo cha chuma. Kisukume na ukiachilie. Vibamba vinapaswa kufunguka na kurudi ghafla. Vikirudi kwa uvivu, au vikiwa na doa linalometameta, vimeingiwa na mafuta.

Tazama pia kioo dhidi ya mwanga. Lenzi iliyokaa miaka mingi kabatini katika miji yenye unyevu kama Mombasa au Lamu huweza kuota kuvu mfano wa utando wa buibui. Iwapo pete ina herufi A baada ya 22, iache. Ilikusudiwa kamera za baadaye, na kwenye K1000 tundu litajifunga hadi mwisho bila mpigapicha kujua.

Jaribio la mwisho hugharimu picha nane. Kamera iwekwe juu ya meza barazani, filamu ikiwa ya 200, na kitu kimoja kipigwe kwa nambari zote: f/2 kwa sehemu moja ya 1000, f/2.8 kwa 500, f/4 kwa 250, na kuendelea hivyo hadi f/22 kwa sehemu moja ya 8. Kila moja iandikwe kwenye daftari, kwa kuwa filamu haihifadhi kumbukumbu ya nambari iliyotumika.

Zinazokaguliwa ni negativu zenyewe, kwa sababu mashine ya kuchapisha hurekebisha makosa na kuyaficha. Negativu zote nane zikiwa na weusi ule ule, lenzi na kamera ni nzima. Zile za 11, 16 na 22 zikiwa nyeusi zaidi, basi vibamba vinachelewa kufunga au pazia limechoka katika kasi za chini, na ni fundi atakayebainisha ni lipi kati ya hayo mawili.